Tendo la Ndoa Linapoleta Uchungu

Kuna mambo ambayo hayasemwi kwenye semina za ndoa, hayasemwi jumuiyani, wala hayasemwi baina ya mume na mke wanaolala kitanda kimoja. Mojawapo ni hili: mke anaumia kila wanapokutana kimwili. Si mara moja tu, wala si siku za mwanzo za ndoa pekee. Anaumia mwezi baada ya mwezi, na pengine mwaka baada ya mwaka. Yeye hunyamaza akidhani ndivyo wanawake walivyoumbwa. Mume naye huona mkewe akigeukia ukutani, akadhani amechokwa.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Somo letu la leo linahusu uchungu huo unaotokana na magonjwa ya muda mrefu ya viungo vya uzazi, na namna mume na mke wanavyoweza kuubeba wote wawili bila kuuacha uivunje nyumba yao. Tafadhali msilisome mmoja mmoja kwa siri. Lisomeni pamoja, jioni, watoto wakishalala.

UCHUNGU HUU NI UGONJWA

Tuanze na jambo la msingi. Tendo la ndoa halikukusudiwa kuumiza. Mke anayeumia mara kwa mara si mkaidi, hana kisirani, wala hakurogwa. Mwili wake unatoa habari kwamba kuna kitu kinachohitaji kutazamwa.

Madaktari hupenda kujua kwanza uchungu uko wapi. Je, ni pale mlangoni, mara tu mnapoanza? Au ni ndani kabisa, chini ya kitovu, kama kitu kinachogongwa? Aina hizi mbili huwa na sababu tofauti, kwa hiyo yafaa mke ajue kuzitofautisha.

Uchungu wa mlangoni waweza kuletwa na ukavu wa uke, hasa kwa mama anayenyonyesha au aliyefikia umri wa kukoma hedhi. Waweza kuletwa na fangasi au maambukizi mengine, au na kovu la kushonwa baada ya kujifungua. Kwa wanawake wengine unatokana na makovu ya ukeketaji, ambao sheria ya Kenya ya 2011 inaukataza. Aidha, kuna hali ambapo misuli ya uke hujikaza yenyewe, bila mke kutaka, hata ikawa vigumu kuingiliana. Mke hawezi kuilegeza kwa kuamrishwa, kama vile usivyoweza kuamrisha jicho lisipepese likirushiwa vumbi.

Uchungu wa ndani mara nyingi una chanzo kingine. Kunaweza kuwa na uvimbe kwenye ovari, au faibroidi kwenye mfuko wa uzazi. Kunaweza kuwa na makovu yaliyoachwa na maambukizi ya zamani ambayo hayakutibiwa vizuri. Na kuna ugonjwa ambao wengi wetu hatukuusikia tulipokuwa tukikua, uitwao endometriosisi.

Endometriosisi ni hali ambapo tishu zinazofanana na zile za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi huota mahali pengine: kwenye ovari, nyuma ya mfuko wa uzazi, au karibu na utumbo mkubwa na kibofu. Hedhi inapofika, tishu hizo nazo hufura na huweza kuvuja damu, lakini damu hiyo haina njia ya kutokea. Baada ya muda sehemu hizo huwaka, hufanya makovu, na viungo vilivyopaswa kuteleza hushikamana. Ndiyo maana tendo la ndoa likigusa sehemu hizo huleta uchungu mkali, ambao waweza kubaki kwa saa nyingi au hata mpaka kesho yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu humpata karibu mmoja kati ya wanawake na wasichana 10 walio katika umri wa kuzaa. Kwa hiyo kanisani Jumapili, katika viti vya akina mama walio katika umri huo, kuna zaidi ya mmoja anayeujua uchungu huu hata kama hajui jina lake.

Dalili nyingine za endometriosisi ni hedhi inayouma kiasi cha kumlaza mtu kitandani, uchungu wa kwenda haja kubwa siku za hedhi, maumivu ya mgongo, uchovu, na wakati mwingine kuchelewa kupata mimba. Ugonjwa huu hauambukizwi. Hauletwi na uzinzi, wala si adhabu ya dhambi za ujana. Mume anayesikia jina hilo hospitalini asirudi nyumbani na maswali ya polisi.

UKIMYA NA SHUKU

Tuchukue mfano wa mume na mke waliooana miaka sita na wenye mtoto mmoja, Mueni. Mama Mueni huanza kuumia, lakini huvumilia. Kila anapovumilia, mwili wake hujifunza kuogopa. Safari ijayo misuli hujikaza kabla hata mumewe hajamgusa, na kwa kuwa imejikaza, uchungu huzidi. Baadaye anaanza kuchelewa jikoni mpaka mumewe apate usingizi. Anajifanya ana kazi ya kupiga pasi saa tano za usiku. Hata kukumbatiwa anakukwepa, maana anahofia kutaishia pale pale.

Baba Mueni naye hajui lolote. Anachoona ni mlango unaofungwa polepole. Kwanza anahuzunika, kisha anashuku. Je, ana mwingine? Anaanza kurudi nyumbani akiwa amechelewa. Sasa kuna uchungu wa aina mbili katika nyumba hiyo, na ule wa pili hauna dawa hospitalini.

Mpenzi msomaji, angalia lililowaharibia. Ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini kila mmoja aliubeba kivyake. Laiti wangezungumza mapema, adui wao angekuwa ugonjwa, na wao wawili wangekuwa upande mmoja.

Mazungumzo hayo yasifanyike kitandani, wala wakati mmoja ana hasira. Chagueni saa ya utulivu, pengine mkiwa njiani kutoka shambani au mmekaa nje jioni. Mke aweza kusema hivi:

"Baba Mueni, kuna jambo nimelificha siku nyingi. Tukikutana, ninaumia sana ndani, na uchungu hukaa mpaka kesho yake. Najua hukusudii kuniumiza, wala mimi sijakuchoka. Ninaomba twende wote kwa daktari."

Naye mume ajibu kwa upole: "Mama Mueni, pole sana, na asante kwa kuniambia. Mimi nilidhani hunitaki tena. Kuanzia leo, ukiumia nishike mkono, nami nitaacha. Siku ya kliniki tutakwenda pamoja."

Maneno hayo ni machache, lakini yana nguvu. Mke amesema wazi kwamba anakataa uchungu, hamkatai mumewe. Mume naye ameahidi kuacha papo hapo, bila kununa na bila kuomba "dakika moja tu." Mke akijua hakika kwamba ataachwa akiumia, hofu hupungua, na hofu ikipungua misuli nayo hulegea.

KWENDA KWA DAKTARI

Msiende mikono mitupu. Wenzi wengi wa Kikatoliki wanafahamu daftari la mpango wa asili wa uzazi, ambamo mke huandika siku za hedhi na dalili za ute. Daftari hilo hilo laweza kuwasaidia hapa. Ongezeni safu nyingine mwandike: siku gani ameumia, uchungu ulikuwa wapi, ulikuwa mkali kiasi gani kutoka 0 hadi 10, ulidumu saa ngapi, na kama kulikuwa na damu. Mkifanya hivyo kwa miezi miwili au mitatu, daktari ataona mengi kwa dakika chache.

Mwambieni daktari waziwazi: "Ninaumia wakati wa tendo la ndoa." Msiseme "tumbo linanisumbua" mkitumaini atakisia. Ombeni kuonana na daktari wa magonjwa ya wanawake, ambaye hupatikana katika hospitali kubwa za kaunti na hospitali nyingi za misheni. Mke ana haki ya kuomba awepo muuguzi wa kike anapopimwa, na ana haki ya kumwambia daktari apumzike akiumia.

Daktari aweza kuagiza vipimo vya mkojo na vya maambukizi, uchunguzi wa mlango wa kizazi, na picha ya altrasaundi. Hapa kuna jambo muhimu. Altrasaundi yaweza kuonyesha faibroidi au uvimbe wa ovari, lakini endometriosisi yaweza kuwapo na picha ikaonekana safi kabisa. Kwa hiyo ukiambiwa "picha haina kitu," maana yake si kwamba unajisingizia. Kadhalika, ikiwa umetibiwa maambukizi mara tatu au nne na uchungu unarudi, uliza kwa heshima: "Daktari, yaweza kuwa endometriosisi?" Wanawake wengi duniani hukaa miaka mingi kabla ya kuambiwa jina la ugonjwa wao.

Ikiwa ni maambukizi ya zinaa, mume na mke hutibiwa wote wawili na kumaliza dawa zote, hata kama mmoja hana dalili. Maambukizi mengine hukaa mwilini muda mrefu bila kujionyesha, basi msikimbilie kulaumiana.

Kuhusu gharama, ulizeni kabla ya kila kipimo. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Hakikisheni mmejiandikisha na michango imelipwa, kisha ulizeni hospitali ni huduma zipi zinazogharimiwa.

Usingoje kliniki ukiona mambo haya: uchungu mkali wa ghafla, homa pamoja na maumivu ya tumbo, au uchungu wa upande mmoja ukiwa umekosa hedhi. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo. Na ukitokwa na damu baada ya tendo la ndoa, hata kama huumii, ni lazima mlango wa kizazi uchunguzwe mapema, kwani hiyo yaweza kuwa dalili ya saratani.

MATIBABU NA DHAMIRI

Matibabu hutegemea chanzo. Maambukizi hutibiwa kwa dawa. Ukavu wa uke baada ya kukoma hedhi hutibiwa kwa jeli ya kulainisha au krimu ya homoni inayopakwa ukeni. Misuli inayojikaza husaidiwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa kazi hiyo. Faibroidi na uvimbe huweza kuhitaji upasuaji, ingawa si zote.

Endometriosisi haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini uchungu wake waweza kupunguzwa sana. Zipo dawa za maumivu, dawa za homoni zinazotuliza tishu hizo, na upasuaji wa tundu dogo unaofanywa kwa kamera ili kuziondoa. Wengine hupata nafuu ya miaka mingi, wengine uchungu hurudi na matibabu yakaanza upya.

Hapa ndipo wenzi wengi wa Kikatoliki hukwama. Daktari anaandika vidonge vya homoni, na mke anaviona ni vile vile vya kuzuia mimba. Je, anatenda dhambi? Papa Paulo wa Sita alilijibu swali hili katika waraka wake Humanae Vitae wa 1968, kifungu cha 15. Alifundisha kwamba Kanisa halikatazi dawa zinazohitajika kuponya ugonjwa wa mwili, hata kama inajulikana mapema kwamba zitazuia mimba, mradi kuzuia mimba kusiwe ndilo kusudi lenyewe. Basi mama aliyeandikiwa vidonge kutibu endometriosisi avitumie kwa amani. Akiwa bado na wasiwasi, azungumze na padre wake akiwa ameshika maelezo ya daktari.

Pia kuna ushauri unaotolewa sana na majirani: "Zaa tu, utapona." Mimba yaweza kutuliza dalili kwa muda, lakini haiponyi endometriosisi. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2022 unasema wagonjwa wasishauriwe kushika mimba kwa kusudi la kutibu ugonjwa huu peke yake. Mtoto ni zawadi ya Mungu, hatumwi kuja duniani kuwa dawa.

NYUMBANI, MKIWA WAWILI

Mnaposubiri matibabu, na hata baada yake, yapo mambo yanayosaidia.

Kwanza, tumieni daftari. Wengi huumia zaidi siku za karibu na hedhi na wakati wa hedhi. Mkishaona siku za nafuu, kutaneni siku hizo.

Pili, msiwe na haraka. Mwili wa mke huhitaji muda kujiandaa, na mwenye historia ya uchungu huhitaji muda zaidi. Jeli ya maji inayouzwa kwenye duka la dawa hupunguza msuguano. Msitumie mafuta ya mgando ya kujipaka, wala mke asijioshe ndani ya uke kwa sabuni au dawa ya kuua viini. Hayo huongeza madhara.

Tatu, mke na aongoze. Akiwa juu, au wote wawili mkilala ubavu, yeye ndiye anayeamua kina na mwendo. Mkao unaoumiza uacheni, hata kama ndio mliouzoea.

Nne, maji ya moto ndani ya chupa iliyofungwa kwa kitambaa, kabla au baada, hulegeza misuli. Mke pia aweza kulala chali, magoti yameinuliwa, akavuta pumzi mpaka tumbo lijae na kuitoa taratibu, huku akilegeza misuli ya chini kama anayeanza kukojoa. Dakika tano kila siku zatosha. Dawa ya maumivu kabla ya tendo yaweza kusaidia, lakini muulizeni daktari kwanza, hasa mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au anayetarajia mtoto.

Tano, kubalini kwamba kutakuwa na majira ya kupumzika kabisa. Wanaofuata mpango wa asili wanajua tayari kwamba upendo haufi siku ambazo hawakutani. Lakini kupumzika tendo kusiwe kupumzika kugusana. Shikaneni mikono, lalaneni mkiwa mmekumbatiana, mkande mgongo. Mkubaliane mapema, "Leo ni kukumbatiana tu," na mume ashike neno lake. Hapo mke ataacha kukimbilia pasi usiku.

"MSINYIMANE" MAANA YAKE NINI?

Wapo waume wanaolifungua Biblia penye Wakorintho wa Kwanza, sura ya 7, na kumsomea mke mgonjwa. Ni kweli, Mtakatifu Paulo anawataka wanandoa wasinyimane. Lakini msomaji asiruke mistari. Pale pale anaanza na wajibu wa mume kwa mkewe, na anasema mwili wa mume nao ni wa mke. Katika Waefeso, sura ya 5, anamtaka mume ampende mkewe kama mwili wake mwenyewe. Ni nani mwenye jeraha mguuni anayeulazimisha mguu huo kukimbia?

Waraka ule ule wa 1968, kifungu cha 13, unafundisha kwamba tendo la ndoa analolazimishwa mwenzi bila kujali hali yake wala matakwa yake ya haki si tendo la kweli la upendo. Na sheria ya Kenya ya 2015 dhidi ya ukatili wa nyumbani inataja ukatili wa kimapenzi ndani ya ndoa miongoni mwa makosa inayoyazuia. Mke anayelazimishwa asinyamaze. Simu ya bure ya 1195 hupokea wenye shida kama hiyo.

Hata hivyo, mume naye ana jeraha lake. Kungoja miezi mingi si jambo dogo, na kusema "nimekukosa" si kosa. Mke asikimbie maneno hayo. Amhakikishie kwamba bado anampenda, na amwonyeshe kwa mguso na kwa neno.

Mwisho, kuna familia pana. Mimba ikichelewa, mama mkwe huuliza, na shangazi hushauri mume "atafute mwingine." Kazi ya kuwajibu ni ya mume, kwa kuwa ni wazazi wake. Aseme tu, "Mama, tunatibiwa, na mke wangu ni huyu." Siri ya ugonjwa asiitoe bila ruhusa ya mkewe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MKIWA WAWILI

1. Je, kuna wakati mmoja wetu ameumia naye akanyamaza? Nini kilimfanya anyamaze?

2. Mwenzangu akisema "leo siwezi," mimi husikia nini moyoni?

3. Ishara yetu ya kuacha itakuwa ipi?

4. Ni tarehe gani tutakwenda kwa daktari, na nani atabaki na watoto?

5. Ni njia zipi tatu za kuonyeshana upendo ambazo haziumizi?

Jibuni swali la nne kabla hamjalala, na tarehe hiyo iandikeni kwenye kalenda ya ukutani.